Kazi ya dereva wa lori ni kusubiri, niliyoyaona nikiwa utingo

Mtaani kwetu Mbagala ukisema mjomba wako anaendesha lori za Kongo watu wanakuja na maswali mawili tu, la kwanza analipwa dola ngapi na la pili ana wake wangapi njiani. Basi. Mimi majibu niliyapata kabini bila kupanga, maana nilivyomaliza diploma yangu ya ugavi nikasota nyumbani mpaka mama akaanza kunihesabia sahani, ndo mjomba akapiga simu akasema anko, utingo wangu kaacha kazi kanunua bodaboda, kama huoni aibu kushika grisi njoo. Nikaenda. Nimekaa kiti cha kushoto, cha utingo yaani msaidizi wa dereva, zaidi ya mwaka, sasa hivi nipo ofisini kwenye kampuni nyingine kabisa ya usafirishaji, nakaa mbele ya kompyuta naangalia vidoti vya malori vinavyotembea kwenye ramani, na nikisikia watu wa ofisini wanavyowaongelea madereva damu inachemka, ndo maana naandika hii.

Yaani bosi akiona kidoti kimetulia masaa matano sehemu moja tayari kashajua, dereva yuko gesti na mwanamke. Wakati ukweli ni kwamba kazi ya dereva wa tranziti, anaevusha mizigo kwenda nchi nyingine, sehemu kubwa sio kuendesha, ni kusubiri. Piga hesabu mwenyewe. Dar mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 2,000, sheria ya Tanzania inamruhusu mwenye lori kwenda 80 kwa saa, hata ukitembea mchana tu, ukala, ukaoga, ukalala kama binadamu, safari haimalizi wiki. Haya muulize dereva yeyote kwenda na kurudi anatumia muda gani, atakutajia mwezi na wala hatacheka. Huo muda wote uliobaki yuko kwenye foleni ya kitu fulani, na posho aliyopewa ni ya safari, sio ya siku, kwa hiyo kila siku anayokaa foleni anakula hela ya watoto wake.

Kusubiri kunaanzia hapa hapa Dar kabla hujanusa hata Kibaha. Unaenda kuchukua kontena bandarini au bandari kavu, gari mnapaki Kurasini ama pembeni ya barabara ya Mandela, karatasi haijatoka, ajenti anasema kesho, kesho yenyewe mtandao uko chini, keshokutwa kontena limefukiwa na makontena mengine mpaka winchi ije. Wewe utingo kazi yako ni kulinda tairi la spea, betri na tanki la dizeli, na pale kuna vijana wana uwezo wa kuchomoa betri ukiwa umeliegemea boksi lake. Mjomba ana kiti chake cha plastiki kilichokatika mgongo, anakiweka kivulini chini ya tela, anasoma gazeti la michezo kuanzia matangazo ya kwanza mpaka ya mwisho. Siku moja nikamuuliza mbona hukasiriki wewe mzee, akasema anko, nikizimaliza hasira Kurasini, Kasumbalesa nitatumia nini. Kasumbalesa ni mpaka wa Zambia na Kongo.

Mkishatoka kuna mizani. Vigwaza, Mikese, huko mbele Wenda ya Iringa, Makambako, hadi Mpemba pale unapoikaribia Tunduma, mpakani na Zambia. Watu wanadhani mizani ni suala la kupakia kupita kiasi na kuhonga. Nani kasema. Tangu Machi 2019 Tanzania ilivyoanza kutumia sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, lori halitakiwi kuzidi tani 56 kwa jumla, lakini pia kila kundi la ekseli linapimwa kivyake, sasa unaweza kuwa uko chini ya hizo 56 kabisa ila mzigo umeserereka kwenye kona na breki za njiani ukaegemea mbele, ekseli moja imezidi, mnawekwa pembeni. Hapo mfungue turubai, mpange mzigo upya, na kama ni mifuko ya salfa ya kwenda migodini macho yanawaka siku nzima, hata ukinawa na sabuni mara tatu ukijifikicha usiku unalia. Faini ikiandikwa anaanza kuulizwa dereva, sio aliyepakia. Nilikuwa naona mjomba akisimama pembeni ya foko lifti wakati wa kupakia, anabishana na vijana wa godauni hiyo sogeza nyuma kidogo, hiyo rudisha, wanamwona mzee msumbufu. Alikuwa anapima kwa macho, na mizani ikija kusoma mara nyingi inakuta alichosema.

Sasa kuendesha kwenyewe. Naomba nikae kidogo mlima Kitonga maana hapo ndo nilimheshimu mjomba kwa mara ya kwanza kama fundi, sio kama kaka wa mama.

Ukitoka Dar unapita Mikumi, barabara inakata katikati ya hifadhi kama kilomita 50 hivi, unaenda polepole kwa sababu ya wanyama na faini ya kugonga hata swala inauma, unatokea Ruaha Mbuyuni kwenye joto na vitunguu, halafu mlima unaanza. Kupanda na mzigo gari linaenda mwendo wa mtu anaetembea, utingo unashuka na gogo lako unatembea nyuma ya tairi, ili gari likizimika ama gia ikikataa unasukumia gogo kabla halijaanza kurudi. Unatembea hivyo huku mabasi yanakupitia kwenye kiwiko. Hiyo ni kupanda. Wenyewe wanakwambia kupanda ni jasho tu, kazi iko kwenye kushuka.

Tunarudi siku hiyo kutoka Kongo na shaba. Shaba ukiiona kwenye tela utacheka, mabamba yamefungwa mafungu machache yamelala chini kabisa, kwa mbali tela linaonekana tupu, kumbe hapo kuna tani 30 na ushee. Juu ya mlima kabla ya kuanza kushuka mjomba akasimamisha, akaniambia zunguka gusa magurudumu yote usikie kama kuna linalochemka. Nikagusa. Yeye anaangalia mshale wa upepo wa breki, anakanyaga, anaachia, anausubiri urudi juu. Akazima redio. Akavua ndala akaziweka nyuma ya kiti, mguu mtupu, akaingiza gia nzito ile ile ambayo angeitumia kupandia, akawasha breki ya injini na tukaanza, kilomita 15, 20 kwa saa, injini inaunguruma kama inakataa kwenda. Mguu wa kulia anaugusisha kwenye breki kidogo, anaachia, anasubiri, anagusa tena. Nyuma yetu basi linapiga honi mfululizo, na gari ndogo mbili, na mimi nimeanza kuona aibu kwa niaba ya mjomba, nikamwambia wanatutukana. Akasema waache. Mbele yetu kulikuwa na semi nyingine imeshatutangulia kona mbili na harufu ya breki zake ikaanza kuingia dirishani, ile harufu ya kitu kinaungua na chuma ndani yake, mjomba akapunguza zaidi, akaacha nafasi kubwa kati yetu na yule, basi nalo likaichukua ile nafasi likatupita kwenye kona huku abiria wengine wanatuonesha mikono dirishani. Tulivyofika chini yule jamaa wa mbele tulimkuta amepaki magurudumu yanafuka moshi, yeye kashika kiuno. Mjomba akasimama, hakumsema, akampa dumu la maji ya kunywa na akamwambia usimwagie hapo, acha zipoe zenyewe. Maji ukimwagia chuma kilichowaka unaweza kupasua.

Wale abiria wa basi walioonesha mikono hawatakaa wajue kwamba walikuwa wanamtukana mtu aliyekuwa anazuia tani karibu 56 zisiwafuate kwa nyuma. Na mlima sio huo mmoja, kuna Inyala, kuna Iwambi pale Mbeya, kuna Senjele ukienda Tunduma, majina ambayo ukiyasikia kwenye taarifa ya habari ujue kuna watu wamekufa.

Kuna vitu wanavyo hawa watu havijaandikwa popote. Usiku ukiwa nyuma ya lori na huoni mbele, dereva akikuwashia indiketa ya kushoto anamaanisha pita, njia nyeupe, akiwasha ya kulia anakwambia tulia nyuma yangu kuna kitu kinakuja. Umemwamini mtu usiemjua na maisha yako na umepita, ukishapita unamshukuru kwa hazadi mara mbili ama honi fupi. Mkikutana uso kwa uso akikupigia taa anakwambia mbele kuna tochi ya trafiki ama kuna ng'ombe. Kuna madereva wa gari ndogo wanaziona zile indiketa wanadhani lori linakata kona, kila nikikaa kwenye gari la mtu wa namna hiyo natamani kushuka.

Halafu majani. Gari likiharibika barabarani pembetatu ipo ndio, sheria inataka, ila pembetatu ya plastiki inabebwa na upepo wa basi ama inaibiwa saa hiyo hiyo, kwa hiyo utingo anashuka na panga anakata matawi anayapanga barabarani kuanzia mbali, fungu, fungu, fungu, mpaka lilipo gari. Sisi iliwahi kutukuta mbele ya Igawa, springi imekatika, saa mbili usiku. Nikapanga majani mpaka mikono inanuka utomvu. Ndani ya nusu saa alisimama wa kwanza, hatumjui, gari la kampuni nyingine, akashuka na tochi akaingia chini ya tela akatoka akasema hii springi mimi sina ila kuna jamaa yupo nyuma yangu anayo, akarekodi voisi kwenye grupu lao la WhatsApp, tukasikia mtu anajibu nipo Makambako nakula nakuja. Na akaja kweli. Springi akaitoa bure kwa makubaliano kwamba tukifika Mbeya mjomba anunue mpya aiache kwa fundi fulani pale Uyole, yeye ataipitia akirudi. Hakuna karatasi, hakuna namba ya kitambulisho. Mjomba tulivyofika Uyole kabla hata ya kula akaenda dukani akainunua. Nikasema ungemtumia hela tu kwa simu, akaniangalia kama nimesema kitu cha ajabu, sababu jamaa hakukopesha hela, alikopesha springi, na huko alikokwenda anaweza kukutana na mwingine aliekatikiwa.

Nimetaja Makambako. Pale kuna baridi na upepo wa kukukata masikio, na kuna mama mmoja ana kibanda cha chakula karibu na wanapopaki magari, simtaji. Anapika ugali na maharage na nyama ya kuchoma, chai ya rangi ya tangawizi inachemka muda wote. Ana daftari la deni, nililisoma siku moja nikiwa nasubiri, majina ya watu hamna. Kaandika Mandevu. Kaandika Scania ya bluu kioo kimepasuka. Kaandika Mzee wa Salamu, Mpemba Mrefu, Yanga, Yanga Mwingine. Mjomba kaandikwa Kiti Kibovu. Dereva posho ikimwishia Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, akirudi anakula pale kwa deni, mzigo ukifika Dar akilipwa anatuma, na mama anasema wanaomzingua ni wachache sana na mara nyingi ni wale wageni kwenye njia. Kuna mistari kaipiga kalamu nyekundu, nikadhani ndo waliolipa, akasema hapana mwanangu, waliolipa napiga ya bluu. Nyekundu ni waliokufa. Na hela hiyo haidai kwa mtu.

Dereva anarudi nyumbani na soko zima chini ya tela. Vitunguu Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula, mchele Igurusi, viazi Uyole, kila gunia lina mwenyewe, hili la mke, hili la mama mkwe, hili la jirani aliyetuma hela. Utingo ndo mnunuzi na ndo anaelaumiwa viazi vikiwa na matope.

Tunduma sasa. Mji ule umejengwa na foleni, nasema hivyo bila kutania, gesti, mabucha, vinyozi, mafundi tairi, wabadilisha kwacha, wote wanaishi kwa sababu malori yanasimama. Tangu 2019 kuna kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde, kwa maana unagongewa upande mmoja tu badala ya kuwili, na wazee wanakiri imesaidia, lakini kuna siku foleni inarudi nyuma mpaka huuoni mwisho wake. Humo kwenye foleni nilikutana na mzee mmoja mlinzi wa yadi, zamani alikuwa utingo miaka ya 70 mwanzoni kwenye magari ya Fiat ya kampuni iliyokuwa ya Zambia na Tanzania kwa pamoja. Ukimnunulia soda anakupa historia yote. Mwaka 1965 Ian Smith kule Rhodesia alivyojitangazia uhuru wake wa kizungu, Zambia njia yake ya kusini ikaingia matatani, mafuta ikabidi yapite Dar, mapipa yanabebwa na malori kwenye barabara ya vumbi ambayo masika inageuka matope ya kumeza gari. Walikufa madereva wengi mpaka Wazungu wakaiita barabara ya jehanamu. Bomba la mafuta likaja 1968, lami ikaja, reli ya TAZARA ikaja katikati ya miaka ya 70. Mzee anasema kila kilipokuja kimoja waliambiwa malori yamekwisha. Kaunda na Nyerere wanasomwa shuleni na wanastahili, ila nilivyokuwa namsikiliza yule mzee nikawaza Zambia ile haikuendeshwa na hotuba, kuna mtu alikuwa anasukuma gogo nyuma ya tairi kwenye matope ili Lusaka taa ziwake, na jina lake halipo popote.

Na tulivyo wepesi wa kusahau. Mei 2020 corona imepamba moto, Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, huku Kenya na Uganda foleni ya Malaba imejaa madereva wanasubiri kupimwa pua, na ghafla nchi zote zikawa zimepata adui mmoja, dereva wa lori. Mimi bado sijawa utingo kipindi hicho, mjomba alikwama huko na mke wake mtaani akaambiwa na majirani waziwazi mumeo akirudi asipite hapa. Majirani hao hao walikuwa wanalalamika sukari imepanda. Mjomba alirudi akalala kwenye kabini nje ya yadi wiki nzima kwa hiari yake, watoto wanaenda kumpungia mkono getini. Hajawahi kuliongelea kwa uchungu, analisimulia kama kichekesho, ila yule jirani aliyesema hayo hajawahi kuletewa tena kitunguu.

Kuvuka Zambia nitapita haraka, ni ndefu, kulikuwa na vipande vya Nakonde kwenda Mpika vyenye mashimo ya kuogesha mtoto, na ukipita Kapiri Mposhi na miji ya shaba unaanza kuiwaza Kasumbalesa. Kasumbalesa ndo chuo. Pale unaweza kukaa siku mpaka unaanza kufahamiana na mbwa. Na pale ndo nilielewa kwamba utamaduni wao umezaliwa kwenye kusubiri. Kwenye boksi la pembeni mwa tela kuna jiko, sufuria, unga, dagaa, mafuta, kila gari na lake, lakini baada ya siku mbili mnapika pamoja, gari hili linatoa unga, lile linatoa mboga, Mtanzania, Mzambia, Mkongo, Msomali, sufuria moja. Kuna anaejua kunyoa ananyoa wote. Drafti ya vizibo vya soda inachezwa kwa matusi ya heshima, mdogo anamtukana mkubwa ila anaanza na shikamoo. Kuna imamu wa foleni na kuna mchungaji wa foleni. Akifiwa mtu daftari linapita gari kwa gari, na mimi nimeona mchango wa msiba unakusanywa pale kwa kwacha, dola, faranga na shilingi mpaka mhasibu wao akaomba kikokotoo. Usiku mnalala kwa zamu, maana sili ya kontena ikikatwa na kitu kikatoka, atakaeulizwa ni huyu huyu mzee wa ndala.

Ukivuka unaingia nchi ambayo magari yanapita kulia, na lori letu usukani uko kulia, kwa hiyo dereva anataka kuovateki haoni kitu, macho yake ni utingo. Mjomba alinifundisha kusema mambo matatu tu, bado, sasa, na rudi. Hakuna maelezo. Ukianza kusema nadhani kuna kagari kanakuja ila kako mbali mmeshakufa. Kule dereva wanamwita shofere, na Kiswahili chao ukikizoea kitamu sana, ila barabarani kila mwenye kofia anataka karatasi na kila karatasi ina bei. Na hilo la bei ni dogo. Septemba 2016 huko mashariki ya Kongo watu wenye silaha waliwateka madereva wa Kitanzania, malori yakachomwa moto, waliachiwa baadae. Malori hayakuacha kwenda.

Sisemi ni malaika jamani. Kuna wanaouza dizeli ya bosi vichakani na nimewaona. Kuna waliokuwa wanaendesha na viroba vya pombe mfukoni mpaka serikali ilipovipiga marufuku 2017, na kuna wanaoendesha hadi leo na usingizi ambao ni mbaya kuliko kiroba. Na lile swali la wake wa njiani lina majibu yake, miaka ya 90 ukimwi ulipita kwenye vituo vya malori ukaondoka na wengi, mjomba alianza kazi kwenye magari ambayo walioyaendesha kabla yake hawapo. Hata hivyo usichanganye mambo. Agosti 2019 lile lori la mafuta lilivyopinduka Msamvu Morogoro likawaka moto, wakafa watu zaidi ya 100, wengi walikuwa wamekwenda kuchota. Mjomba anabeba mafuta mara chache, ila tangu siku hiyo akibeba, gari likisimama tu hata kwa pancha anashuka na filimbi, kweli kabisa ana filimbi ya refa, mtu akisogea na ndoo anapuliza na kutukana kwa pamoja.

Malipo sitaki niyaongelee sana yataniharibia siku. Wengi hawana mkataba wa maana, wapo waliofanya kazi miaka bila bima, akivunjika mguu safari imeisha na kazi imeisha. Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima, Ubungo ikajaa abiria wamelala na mabegi, na walichokuwa wanadai ni pamoja na mikataba na kutolazimishwa kurudi shule kwa hela yao kila wakihuisha leseni. Watu walichokumbuka ni usumbufu wa siku ile. Mikataba nasikia ipo ipo, wengine wanayo kwenye karatasi ila posho bado inahesabiwa kwa kilomita kana kwamba foleni ya Kasumbalesa haina siku.

Ofisini kwetu nimeamua kuanza na kitu kidogo tu. Nimemwomba meneja kwenye ile ripoti ya kila siku tuongeze safu ya sababu ya gari kusimama, aijaze dereva mwenyewe, mizani, karatasi, gari bovu, usingizi, chochote, ili kabla hajamfokea mtu aisome kwanza. Kakubali kwa majaribio, kwa shingo upande. Nikawaambia madereva watume sababu kwa meseji fupi, wao wakaelewa voisi, sasa hivi simu yangu ya kazi imejaa sauti za watu wako Mpemba, wako Nakonde, wako Kasumbalesa, wanaanza na salamu ya familia nzima, wanaeleza ajenti kasema nini na afande kajibu nini, nyuma kuna mtu anachemsha dagaa, na mimi natakiwa niyafupishe yote hayo yaingie kwenye kisanduku cha maneno kumi. Jana mmoja katuma ya dakika saba. Nimeisikiliza yote, halafu nikaandika, karatasi.